Somo: Kuandaa mawe ya dhahabu kwa ajili ya kupimwa, kutoka kiroba hadi unga wa gramu 30

Maabara hupima dhahabu kwa kuchoma unga wa mawe kwenye tanuru, lakini haichomi kiroba chako chote. Inachoma gramu 30, mara nyingine 50, wakati wewe umepeleka kilo tano au kumi. Kuandaa sampuli ni kuhakikisha hizo gramu 30 zinasema ukweli wa kiroba kizima. Majibu mengi yanayolaumiwa kwa tanuru yaliharibika kabla hayajafika huko.

1. Kukausha. Tandaza mawe kwenye sinia, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena ukipima mara mbili mfululizo. Mawe yenye pairaiti nyingi (madini ya chuma na salfa) yakaushe kwa nyuzi 60, yasianze kuungua. Unyevu ukibaki, unga utaganda kinuni na hautasagika sawasawa.

2. Kuvunja. Kaza taya za krasha (mashine ya kuvunja mawe) hadi angalau asilimia 80 ya kokoto ipite kwenye chekeche ya milimita 2. Anza na sampuli unazodhani ni maskini, tajiri ziwe za mwisho. Kati ya sampuli na sampuli pitisha kwatsi (jiwe gumu la silika) tupu isiyo na dhahabu, kisha puliza taya kwa kompresa.

3. Kugawa. Hapa msiharakishe. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, kwatsi ni 2.65 tu. Kila ukitikisa mfuko dhahabu inashuka chini, kwa hiyo anayechota kijiko juu anachota umaskini. Tumia sanduku la kugawia lenye mifereji inayopishana, mmoja unamwaga kushoto, unaofuata kulia. Upana wa mfereji uwe angalau mara tatu ya punje kubwa kabisa. Mwaga polepole, kwa sinia lenye upana sawa na sanduku, mifereji yote ipate kwa pamoja. Chukua nusu moja nzima, gawa tena, hadi ubaki na kilo moja hivi. Ikizidi kidogo, iache izidi. Ukianza kupunguza kwa mkono umeharibu kazi yote.

4. Kusaga. Saga hadi asilimia 85 ipite chekeche ya maikroni 75 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Usikisie kwa vidole. Pima gramu 20 za unga, chekecha kwa maji, kausha kilichobaki juu ya chekeche. Kikizidi gramu 3, rudisha kinuni. Jueni pia kwamba dhahabu haivunjiki kama jiwe, inabapa na kujipaka kwenye bakuli la kinu. Baada ya sampuli tajiri saga mchanga safi wa kwatsi kabla ya kuendelea, na mchanga huo uhifadhi: ukishuku uchafu, utaupima.

Vumbi la kwatsi linaua mapafu taratibu na halina tiba. Kitambaa usoni hakizuii. Vaa barakoa ya N95 au zaidi, na uwe na feni ya kufyonza vumbi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sampuli moja, maabara moja, jibu la kwanza gramu 3 kwa tani, la pili 40. Nani anadanganya?*

Huenda hakuna. Punje ya dhahabu ya nusu milimita ina uzito wa miligramu 1.26 hivi. Ikiangukia kwenye gramu 30, peke yake inasoma kama gramu 42 kwa tani. Isipoangukia, hupati kitu. Punje ya maikroni 75 ingebadilisha jibu kwa gramu 0.14 tu kwa tani, ndiyo maana tunasaga hadi pale. Kama mwamba wako una dhahabu ya kuonekana kwa macho, omba kipimo cha kuchekecha: kilo nzima inachekechwa, kinachobaki juu kinachomwa chote, cha chini zinachukuliwa sampuli mbili zikachomwa, halafu hesabu inafuata uzito wa kila sehemu.

*Huku Chunya hatuna sanduku la kugawia. Tufanyeje?*

Mwaga kokoto kwenye turubai safi zifanye kichuguu, kibapishe, kata msalaba. Chukua robo mbili zinazotazamana, changanya, rudia. Zoa na vumbi la chini la robo hizo kwa brashi, maana dhahabu inakaa humo. Ni njia dhaifu kuliko sanduku, hivyo tengeneza sampuli pacha mara kwa mara uone zinapishana kiasi gani.

*Bakuli la kinu changu ni chuma cha kromu. Linaathiri?*

Kwa dhahabu, hapana. Ukitaka kupima kromu au chuma, ndiyo, kwa sababu linaacha vyote viwili ndani ya unga. La kabaidi ya tangsteni nalo linaacha tangsteni na kobalti.

*Marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) yenye zebaki naruhusiwa kukausha kwenye oveni?*

Hapana, ndugu. Mvuke wake ni sumu na utakijaza chumba kile. Anika nje kivulini, mbali na watu na chakula, na uandike "ZEBAKI" juu ya mfuko ili wa maabara wajue kabla hawajaufungua.