Kuingia nchi ileile mara kwa mara bila viza: siku zako zinavyohesabiwa

Kutoka Dodoma hadi mpakani njia ni tatu kubwa. Ukipita Kondoa, Babati na Arusha unafika Namanga, mpaka wa Kenya. Ukipita Iringa na Mbeya unafika Tunduma, mpaka wa Zambia. Ukipita Singida, Nzega na Kahama unafika Rusumo, mpaka wa Rwanda. Mwenye pasipoti ya Tanzania huvuka kote huko bila viza, na safari ya kwanza kwa kawaida haina shida. Shida huanzia safari ya pili au ya tatu, pale msafiri anapoamini kwamba akitoka leo na kurudi kesho, hesabu ya siku inaanza upya. Kwa nchi nyingi haianzi.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, jiulize: kikomo cha siku kinahesabiwa kwa kila safari, kwa mwaka mzima, au kwa miezi 12 inayokwenda nyuma kutoka leo?

Afrika Kusini humpa Mtanzania siku 90 kwa mwaka, na hizo ni jumla ya safari zote. Chukua mfano wa mtu aliyeingia Januari 5 akatoka Januari 24: siku 20. Akarudi Juni 10 hadi Julai 9: siku 30. Amebakiwa na 40. Akiingia tena Oktoba 12, siku yake ya mwisho ni Novemba 20. Hesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, zote mbili, hata kama ulivuka saa tano usiku. Hapa ndipo watu wengi hukosea siku moja au mbili, na siku moja inatosha kukuharibia.

Zambia ina mtego wake. Mgeni wa matembezi ana siku 90 ndani ya miezi 12, lakini mara nyingi hugongewa 30 kwanza, kisha anakwenda ofisi ya uhamiaji kuongezewa kabla hazijaisha. Anayeingia kwa shughuli za biashara ana siku 30 tu ndani ya miezi 12. Ukisema "matembezi" huku umebeba sampuli za alizeti na kitabu cha oda, afisa ana haki ya kukuuliza zaidi. Sema lililokupeleka.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mambo ni mepesi zaidi: pasi ya mgeni hufika hadi miezi sita na hulipii. Hata hivyo usitegemee kitambulisho cha NIDA. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho. Tanzania haimo, hivyo beba pasipoti.

Namanga, Tunduma na Rusumo ni vituo vya pamoja: maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Lazima upite madirisha mawili, moja la kutoka na moja la kuingia. Basi likiwa linapiga honi, watu hugonga muhuri mmoja na kukimbilia kiti. Usifanye hivyo. Pasipoti isiyo na muhuri wa kutoka inaonyesha bado uko huko, na safari ijayo siku zote za katikati zinaweza kuhesabiwa juu yako. Kabla ya kuondoka dirishani, soma tarehe na idadi ya siku ulizoandikiwa. Zilizoandikwa ndizo zako, hata kama sheria inaruhusu zaidi. Kama kuna kosa, omba lirekebishwe palepale.

Kuzidisha siku Afrika Kusini kuna adhabu inayojulikana. Ukizidisha siku zisizozidi 30, unafungiwa kuingia miezi 12. Ukirudia kosa ndani ya miezi 24, miaka miwili. Ukizidisha zaidi ya siku 30, miaka mitano. Una siku 10 za kazi za kuomba usamehewe, kwa hiyo tunza cheti cha hospitali au barua yoyote inayoonyesha kilichokuchelewesha.

Kwa wanaokwenda Singapore, fomu ya kuwasili hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, bila malipo. Tovuti inayokudai pesa si ya serikali. Muda uliopewa hutumwa kwa barua pepe, hivyo uhifadhi kwenye simu. Malaysia nayo ina fomu yake, pia ya siku tatu.

Anayerudi mara kwa mara hutiliwa shaka kwamba anafanya kazi. Beba tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipolipiwa, na barua ya likizo kutoka kwa mwajiri au leseni ya biashara yako.

Mihuri hujaza kurasa haraka. Zikibaki mbili, omba pasipoti mpya. Maombi hufanyika mtandaoni na gharama ni shilingi 150,000. Pasipoti ya zamani usiitupe: safiri nayo hadi mwaka uishe, maana mihuri ya siku ulizokwisha kutumia imo humo.