Ndala, dumu na daftari: kupiga picha ya mtoto na kitu chake

1. Zungumza na mzazi au mlezi, kisha na mtoto mwenyewe, kamera ikiwa bado begani. Uliza kitu ni cha nani na kilipatikanaje. Ndala za kaka mtu zinazompwaya mdogo wake si sawa na ndala zake mwenyewe zilizokatika zikafungwa kwa waya, na tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe.

2. Usilete kitu, usikisogeze. Mwaka 1936 mpiga picha Arthur Rothstein alisogeza fuvu la ng'ombe mita chache huko South Dakota, Marekani, ili picha yake ya ukame ipendeze. Ilipojulikana, mradi wa serikali aliokuwa akiufanyia kazi ukashambuliwa magazetini, ingawa ukame ulikuwa wa kweli. Kumkabidhi mtoto mwanasesere asiye wake ni kosa lilelile.

3. Tafuta kipimo. Januari 1909, kiwandani Macon, Georgia, Marekani, Lewis Hine, mpiga picha wa watoto waliofanyishwa kazi, alipiga picha ya wavulana waliopanda juu ya mashine ya kusokota ili wafikie nyuzi zilizokatika. Mashine ndiyo rula. Umri wao unauona bila kuambiwa. Kwetu, dumu la lita 10 ni kilo 10 za maji, na bega lililoinama linausema uzito huo. Chuchumaa, macho yako yalingane na ya mtoto. Ukipiga umesimama, mtoto anafupika na dumu linapoteza ukubwa wake.

4. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (kihisi chake ni kikubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35), ukiwa mita 1.5 kutoka kwake, tundu la lenzi likiwa wazi sana, f/1.8, unapata takriban sentimita 20 tu za kina kinachoonekana wazi: jicho linaonekana vizuri, daftari lililo mbele linayeyuka, na maana inayeyuka nalo. Punguza tundu hadi f/5.6, upate kama sentimita 65. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, watoto hawatulii. Kivulini pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga; chembechembe zitakazoonekana hazidhuru. Lenzi ya milimita 24 ukiikaribiza mno huvimbisha kilicho mbele, na dumu linageuka pipa.

5. Kagua kingo za fremu. Nembo kwenye sare au jina juu ya daftari humtambulisha mtoto kwa asiyemtakia mema. Badili pembe.

6. Andika maelezo papo hapo. Hine alijua kila kifungo cha kizibao chake kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni, hivyo alipima kimo cha watoto bila msimamizi wa kiwanda kushtuka. Nawe andika kinachoweza kuthibitishwa: "Mpira wa matambara na kamba ya katani, ameufunga mwenyewe." Ukiandika "alama ya matumaini", umemfungia mtazamaji mlango.