Kabla Hujatengeneza Ngao ya Kirumi

Amua kwanza ni ngao ya zama gani, kisha waulize wakuu wa kikundi chako cha kuigiza askari wa Kirumi. Ile iliyopatikana Fayum, Misri, mwaka 1900 ni ya umbo la yai, sentimita 128 kwa 63.5. Ile ya Dura-Europos, Syria, ya karne ya 3, iliyoko Chuo Kikuu cha Yale, ni ya mstatili uliopinda, urefu wa sentimita 105 hivi. Fuata moja. Usichukue umbo la huku na ukubwa wa kule.

Usichonge ubao mmoja mnene. Zote mbili ni tabaka tatu za vipande vyembamba vya mti, tabaka la kati likikingama na mengine, na ile ya Dura yote haizidi milimita 5 au 6. Leo plaiwudi nyembamba tatu zinatosha. Tengeneza kalibu iliyopinda, zifunge kwa mikanda, ziache siku mbili. Ukifungua mapema zitajikunjua.

Mshikio unalala, haukai wima. Pima tundu la katikati kwa ngumi yako mwenyewe, si kwa kipimo cha mtu mwingine.

Sasa gundi, na hapa nisikilize vizuri.

Ngao yangu ya kwanza niliiunga kwa gundi nyeupe ya makabati, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo nyumbani. Nikaivika kitani, nikaipaka nyekundu, nikakaa wiki tatu nachora mabawa na radi. Pesa ya kifuniko cha ngozi nikasema itapatikana mwakani. Agosti tukapiga kambi kaskazini mwa Uingereza, karibu na Ukuta wa Hadrian, ule ukuta wa kale wa Warumi. Jioni ilikuwa kavu kabisa. Nikaiegemeza kwenye hema, ukingo wa chini umekaa kwenye nyasi, nikalala. Usiku ikapita mvua ya rasharasha, wala sikuisikia. Asubuhi nilipoinyanyua, pembe ya chini ilikuwa laini mkononi. Tabaka zilikuwa zimeachana kama chapati ya kusukuma, kitani kimetuna, na nilipobonyeza yakatoka maji meupe. Saa nne tulitakiwa kupanga kobe, lile paa la ngao juu ya vichwa, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Kiongozi wetu aliigonga kwa kidole mara moja tu, akanitoa. Wenzangu wawili ikabidi wasogee kuziba nafasi yangu. Iliniuma sana, maana walikuwa wamefanya mazoezi na mimi miezi mingi.

Warumi walilijua hilo. Gundi yao ilitokana na ngozi za wanyama zilizochemshwa, na ikilowa hulainika. Ndiyo maana ngao ilikuwa na koti lake la ngozi, tegimentum. Vipande vya makoti hayo vimefukuliwa Vindonissa, Uswisi. Julius Kaisari, jemadari wa Kirumi, anasimulia kwamba mwaka 57 KK Wanervii, kabila la Gallia, waliwavamia askari wake ghafla, hata hawakupata muda wa kuzivua ngao vifuniko. Askari hao walikuwa wakijenga kambi baada ya safari, na ngao bado zimefunikwa.

Kwa hiyo kifuniko kiingie kwenye hesabu kabla ya rangi. Nunua gundi isiyoyeyuka kwa maji. Paka varnishi pembezoni pote, hasa pale tabaka zinapoonekana, maana maji huingilia hapo. Pindo la ngozi mbichi lishone likiwa limelowa, na lisikauke ngao ikiwa nje ya kalibu: ngozi hiyo hujivuta, na inaweza kuipinda ngao nzima.

Vaa barakoa unapopiga msasa. Ribiti zilainishe kwa tupa upande wa ndani, zisikuchane mkono. Pima buti ya gari kabla ya siku ya safari, na usiiache ngao humo juani mchana kutwa. Kambini usiisimamishe chini moja kwa moja, weka hata kipande cha ubao. Na angalia anga kabla ya kulala, hata kama jioni ni kavu.