Pitisha kiganja kwenye tairi kabla ya kulipia alaimenti

Kwa miaka mingi nilikagua matairi nikiwa nimesimama pembeni ya gari: nikiona meno bado marefu, naridhika. Siku moja gari lilikuwa kwenye jeki kwa ajili ya breki, fundi akaniita nichungulie upande wa ndani wa tairi la mbele kushoto. Kwa nje lilikuwa zima. Kwa ndani nyaya zilikuwa zimeanza kuonekana, na juzi yake tu nilikuwa nimebeba familia nzima safarini na tairi lile. Tangu hapo nakagua kwa mkono, si kwa macho peke yake, kabla ya kulipia alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu.

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kata usukani hadi mwisho ili uso wa tairi ujitokeze. Tazama kwanza: kama nyaya zimetoka, usiguse, zinakata. Kama ni salama, pitisha kiganja taratibu kukatiza tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Tairi linalokwenda sawa utalihisi vilevile ukienda na ukirudi. Lenye shida linateleza ukienda upande mmoja na kukwaruza ukirudi, mfano wa msumeno.

Ukwaruzaji huo unatokana na mwelekeo wa magurudumu, ambao mafundi wanauita tou. Mfikirie mtu aliyesimama, vidole vya miguu vimeelekeana: magurudumu yakikaa hivyo kupita kiasi, kiganja kinateleza kikienda ndani na kukwaruza kikitoka nje, na bega la nje la tairi ndilo linaloisha. Vidole vikitazama nje, mambo yanageuka, na bega la ndani linaliwa kimyakimya. Kosa dogo hapa ni ghali. Gurudumu lililopinda robo digrii tu linaburutwa pembeni kiasi cha mita 4 katika kila kilomita 1. Ndiyo maana tairi jipya linaweza kuisha mapema mno bila dereva kuhisi chochote kwenye usukani.

Bega moja likiisha lakini uso ukabaki laini pande zote mbili, shuku kemba, yaani sehemu ya juu ya gurudumu kuinamia ndani au nje. Mabega yote mawili yakiisha, upepo ulikuwa mdogo. Ukiisha ukanda wa katikati, ulizidi. Mashimo ya hapa na pale kuzunguka tairi mara nyingi ni shokapu iliyochoka. Haya matatu ya mwisho hayaponywi na alaimenti, na inaniuma kuona watu wakiilipia tena na tena kwa ajili yake.

Sasa gari kuvuta upande. Pima upepo kwanza, matairi yakiwa ya baridi. Kisha endesha kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, mikono ikigusa usukani kwa wepesi bila kuuachia. Kumbuka barabara nyingi zimeinamishwa ili maji yatiririke, na gari lolote litateremkia huko kidogo. Jaribu barabara zaidi ya moja. Likiendelea kuvuta, badilishana matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia, mradi si yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi lenyewe. Ukibaki palepale, sogeza mkono karibu na rimu baada ya safari fupi, bila kugusa: moja likiwa na joto kuliko mwenzake, breki imeng'ang'ania. Yakiwa sawa, hapo alaimenti inastahili kulaumiwa, hasa kemba zisizolingana kushoto na kulia, au kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma ukitazama gari kwa pembeni.

Usukani kutetemeka ukifika mwendo fulani ni habari ya balansi kwa kawaida, yaani uzito wa gurudumu usiosambaa sawa. Usukani kukaa upande huku gari likienda moja kwa moja ni alaimenti kweli, na chanzo kinaweza kuwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo omba yapimwe yote manne.

Ukifika kwa fundi, mwombe atikise magurudumu kwanza. Bushi, tairodi au boli jointi, yaani viungo vinavyoshikilia na kukata magurudumu, ikiwa imelegea, vipimo vya leo vitapotea wiki hii hii. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Magari mengi hayana sehemu ya kurekebisha kemba, kwa hiyo namba ikiwa nje ya kiwango, kuna kitu kimepinda au kimechakaa, na lazima kitafutwe.

Tairi lililokwisha kulika vibaya litaendelea kuvuma hata baada ya alaimenti nzuri, kwa sababu umbo lake limeshaharibika. Usimhukumu fundi kwa mvumo huo. Mhukumu kwa tairi jipya: litembee kilomita 1,000 hivi, kisha kata usukani, upitishe kiganja tena.