Mche wa nyanya umelala baada ya kuhamisha? Angalia mizizi kwanza

Mche ukilala siku ya pili baada ya kuhamisha wengi tunakimbilia keni, tunamwaga, jioni tunamwaga tena, na mche bado umelala vilevile. Maji yapo tele hapo chini ila hauna cha kunyonyea. Chukua punje za mahindi uzifunike kwenye kitambaa kibichi siku tatu nne, zikichipua angalia mzizi, nyuma kidogo ya ncha utaona vinyweleo vyeupe laini kama vumbi la pamba. Hivyo ndo midomo ya mmea! Ukiung'oa mche kwa kuuvuta vinakatika vinabaki kitaluni, na huku juu majani yanaendelea kutoa maji kama mvuke, maana hayo majani ndo yanayovuta maji toka chini, mmea hauna pampu.

Kwa hiyo mwagilia kitalu vizuri masaa mawili kabla, chimbua na kijiko mche utoke na bonge lake la udongo, usikung'ute. Hamisha jioni jua limepoa. Shindilia udongo kwa vidole ushikane na mizizi, pakiwa na uwazi mzizi unaning'inia hewani haupati kitu, halafu mwagilia mara moja ya kushiba, weka kivuli cha majani siku tatu na matandazo.

Mbolea sasa, hapa ndo tunaua miche mingi. Mtu anaweka kisoda cha DAP, ile mbolea ya kupandia, shimoni na mzizi unakaa juu yake. Si umeona kachumbari ukitia chumvi inavyotoa maji? Mzizi nao hivyohivyo, chumvi ya mbolea ikizidi nje basi maji yanatoka ndani ya mzizi badala ya kuingia. Ichanganye na udongo kwanza, na isigusane na mzizi.

Na maji yakituama mizizi inakosa hewa, inashindwa kunyonya, ndo maana mche unalegea hata ukiwa kwenye tope. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo mbichi umeganda acha kumwagilia siku hiyo.

Mche ukilala saa nane mchana na jioni ukasimama usiuguse, ila ukiukuta umelala saa kumi na mbili asubuhi fukua taratibu uangalie mizizi ina hali gani.