Mgonjwa kalazwa, bili inapanda: nani alipe na mnagawanaje

Kama unasoma hii uko kwenye benchi nje ya wodi na chaji imebaki kidogo, chukua hili moja kwanza, mengine utasoma kesho. Mgonjwa ahudumiwe, usimcheleweshe kabisa, ila ile fomu wanayokupa usaini kama mdhamini wa malipo isome mpaka mstari wa mwisho, manake hospitali nyingi za binafsi wameandika pale chini kwamba aliyesaini ndo anabeba bili yote, na saa nane usiku mama yako anahema kwa shida hakuna mtu anasoma mistari ya chini. Mi nilisaini. Mama figo zilikuwa zimefeli, sisi tuko watoto watano, na kwa miezi minne iliyofuata simu zote za uhasibu zilikuja kwangu, sio kwamba nilikuwa na hela kuwazidi wenzangu, jina langu tu ndo lilikuwa kwenye karatasi. Kwaiyo kama lazima usaini, saini, lakini piga picha ule ukurasa hapo hapo urushe kwenye grupu la familia na uandike: nimesaini kwa niaba yetu wote, kesho jioni tukae. Mi sikufanya hivo, nikaja kuomba kikao mwezi mzima baadaye wakati watu wameshazoea kwamba nipo.

Sasa nani alipe? Ukiuliza mtaani utajibiwa chap, mwenye nacho. Mi nakwambia mwenye nacho ni wa nne kwenye foleni, kuna watatu mbele yake na familia nyingi zinawaruka.

Wa kwanza ni bima na msamaha

Hapa ndo hela nyingi inapotea bure. Muulizane bila aibu, kwenye ukoo huu nani ni mtumishi wa umma? Hapa Tanzania mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaongeza 3 nyingine, na hiyo bima sio ya kwake na mwenza wake tu, inabeba na wategemezi mpaka wanne, na mzazi au mkwe anaweza kuwa mmoja wao. Dada yetu mkubwa ni mwalimu. Alikuwa kaandikisha watoto wake watatu, nafasi ya nne ilikaa wazi miaka na miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mpaka wiki ya sita ya kusafisha damu. Kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, na pale tulipokuwa kila mzunguko ni laki mbili, hesabu mwenyewe, laki sita kwa wiki, wiki sita ni 3,600,000, hapo hujaweka kitanda wala sindano wala vipimo. Siku dada kajua ile nafasi ilikuwepo muda wote alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia, na hakuna wa kumlaumu, wote tulikuwa na midomo na hatukuuliza. Kwaiyo we uliza leo, hata kama mzazi wako ni mzima anachota maji mwenyewe.

Kama hamna mtumishi, CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuja na bei ya 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, ulikuwa unaanzia zahanati unapanda kwa rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Tangu Bunge lipitishe sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023 mambo ya vifurushi yanabadilika, nenda ofisi ya NHIF iliyo karibu na wewe uulize cha leo, usitegemee cha jirani yako alichokata mwaka juzi. Ila bima za kukata mwenyewe ni za kukata mkiwa wazima. Ukikimbilia mgonjwa yuko kitandani, mara nyingi wanakuwekea muda wa kusubiri, au ule ugonjwa alionao tayari wanaukataa.

Afu kuna msamaha. Hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, na sera inawatambua wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na magonjwa kama TB na ukimwi. Watu wanaenda kwa huyo afisa siku ya kuruhusiwa, bili imeshafika milioni tano, wanalia. Nenda siku ya pili ya kulazwa, beba barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha mgonjwa, mweleze hali yenu ilivyo bila kuongeza chumvi. Hana hela mfukoni ya kukupa, lakini anaweza kupendekeza msamaha au mlipe kidogo kidogo, na akiwajua mapema anakuwa upande wenu.

Na kama mko binafsi na mnaona hamtaweza, ombeni rufaa mapema kwenda ya serikali. Wengine wanaona aibu, wanahisi kumhamisha mzazi ni kumshusha hadhi. Madaktari bingwa wa moyo wako JKCI, wa mifupa wako MOI, wa saratani wako Ocean Road, zote ni taasisi za serikali Dar es Salaam, na upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017. Hakuna aibu hapo.

Wa pili ni mgonjwa mwenyewe

Najua linakaa vibaya mdomoni, mtu anaumwa afu umuulize ana nini. Lakini mzazi mwenye akili timamu ana haki ya kuulizwa na ana haki ya kuchangia matibabu yake. Ana pensheni? Ana chumba kapangisha? Ana ng'ombe kijijini, ana hisa za kikoba? Amuulize mtu mmoja anayemwamini, sio watano mmezunguka kitanda ka polisi. Mama siku ya nne alifungua pindo la kanga yake mbele yangu, akatoa noti zimekunjwa ndogo ndogo mpaka zimekuwa ngumu, akanihesabia elfu thelathini na saba, akasema hii ni ya kwangu weka kwenye bili. Nilitaka kumrudishia. Dada akanifinya mkono. Ilienda kwenye bili na tuliiandika kwenye daftari kama ya mtu mwingine yeyote, na mama alipoonyeshwa jina lake pale alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Shamba na nyumba ni habari nyingine. Usiuze kwa hasira ya usiku mmoja, manake mnunuzi anajua una mgonjwa na bei atakayokupa ni ya mtu mwenye mgonjwa. Na ni mali ya mgonjwa, anaamua yeye, ikiwa hawezi basi mkae wote na maandishi yawepo. Nimeona ndugu hawasalimiani mpaka leo kwa kiwanja kilichouzwa na kaka mkubwa peke yake eti kwa ajili ya matibabu, na risiti hazikuonekana.

Wa tatu ni mume au mke. Hili fupi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 63 inamtaka mume amtunze mke, na mke mwenye uwezo amtunze mume akiwa hawezi kujitafutia kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu. Kwaiyo ndugu wa mume wakija kumwambia mke utajua mwenyewe, au ndugu wa mke wakidai hela ya mumewe haiguswi, wote wakumbushwe kwa upole. Ila usimwachie mwenza peke yake, anaweza kuwa ameshatumia kila kitu kabla nyie hamjajua hata jina la ugonjwa.

Sasa nyie watoto na ndugu

Hapa panataka kikao, na kikao kiwe ndani ya wiki ya kwanza. Sio kwenye grupu la WhatsApp, kule mtu anasoma anakaa kimya, tiki mbili za bluu na hakuna jibu. Kaeni, walio mbali wawekwe kwenye spika, na muwe na mtu mzima mmoja asiyedaiwa chochote, kwetu alikuwa mjomba, kazi yake kusema huyu amalize kuongea. Kabla ya kikao mmoja aende kwa daktari na uhasibu aulize maneno haya haya: ugonjwa ni nini, matibabu ni ya muda gani, kwa wiki ni shilingi ngapi, na kipi kinaweza kusubiri. Bila hiyo namba mtagombana kwa hewa.

Kugawana sawa kwa sawa kunaonekana haki ila sio haki. Laki tatu kwa mwenye gari la mizigo ni mafuta ya safari, laki tatu kwa mwendesha bodaboda ni mwezi mzima na zaidi. Gawaneni kwa kipato, kila mtu aseme mwenyewe anaweza ngapi kila mwezi bila kukopa, afu mnaona pengo limebaki wapi. Sisi deni lilikuwa limefika 4,800,000. Kaka wa magari alichukua 1,600,000, mi 1,200,000, dada aliye Muscat, Oman, 1,200,000, mwalimu 800,000. Mdogo wetu wa mwisho hakuandikiwa kitu, na hapo ndo kikao kilitaka kuvunjika, kaka akauliza kwa nini yeye bure.

Mdogo wetu alilala kwenye mkeka koridoni usiku arobaini na moja. Alipaki bodaboda yake, alimgeuza mama kila baada ya masaa mawili, alikimbia na chupa za damu maabara, alifua shuka. Mjomba alimuuliza kaka swali moja tu, ukiajiri mtu wa kufanya hiyo kazi usiku na mchana utamlipa ngapi kwa siku? Kaka alikaa kimya kidogo afu akasema basi nauli na chakula chake nitatoa mimi. Kama kuna kitu kimoja nataka ubebe kwenye yote haya ni hicho, anayeuguza analipa, tena analipa kila siku, aandikwe kwenye daftari kama mchangiaji na apewe hela ya kula. Na kama ni figo na kuna ndugu anapimwa atoe ya kwake, huyo msimguse na mchango hata shilingi.

Aliye nje naye msimfanye benki. Dada wa Muscat anafanya kazi za ndani, anaamka kabla ya alfajiri, na kila mtu hapa alidhani huko hela zinaokotwa. Muulizeni kipato chake kama mlivyomuuliza wa hapa nyumbani Mbagala. Na yeye aliye nje anahitaji kitu kimoja ambacho hamumpi, picha ya risiti. Anatuma hela gizani halafu anasikia tena inatakiwa nyingine, lazima aanze kuwaza vibaya.

Kwaiyo nunueni kaunta buku. Mweka hazina mmoja, mshika daftari mwingine, wasiwe mtu mmoja. Hela ziingie kwenye laini moja ya simu, zikitoka risiti inapigwa pini kwenye ukurasa wa siku hiyo, jioni picha inaenda kwenye grupu. Mkilipa hospitali ya serikali mtapewa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, lipeni kwa hiyo tu, usimpe mtu yeyote hela mkononi hata kavaa koti jeupe. Mkopo wa ndugu na mchango wa ndugu viandikwe tofauti siku hiyo hiyo, mtu akisema nakukopesha andika anakopesha, akisema natoa andika katoa, baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka.

Ndugu wa mbali, jumuiya, msikiti, kanisa, wafanyakazi wenzako, hao waombeni mapema na muwaombe kwa kitu kinachoeleweka, tunatafuta 400,000 ya kipimo fulani kabla ya Ijumaa. Sisi Waswahili kwenye msiba tunachanga milioni tatu kwa siku mbili, turubai, masufuria, mabasi ya kwenda makaburini, na huyo huyo marehemu alikosa laki nne ya kipimo mwezi uliopita na wote tulikuwa tunajua. Inaniuma sana hii. Semeni wazi, tuchangie angali anasikia.

Kuna kikao kingine kigumu kuliko cha hela. Matibabu mengine hayana mwisho, kusafisha damu bila bima kwa laki mbili ni zaidi ya 31,000,000 kwa mwaka, kila mwaka, na kuna watoto wa shule kwenye hiyo familia. Kusema mwisho wetu ni hapa sio kumuua mzazi. Mkae na daktari mwambiwe ukweli wa kinachosaidia na kisichosaidia, na mgonjwa aulizwe anataka nini. Mama yetu bima ilimbeba, aliishi mwaka na miezi saba, na alipochoka alisema mwenyewe, wanangu sasa nirudisheni nyumbani. Tulimrudisha.

Deni likiisha usiondoke dirishani na neno la mhasibu tu. Dai risiti ya mwisho inayoonyesha salio ni sifuri, na kama ulisaini udhamini omba waandike kwamba huo udhamini umefungwa, waweke na muhuri. Ya kwetu iko nyuma ya kaunta buku, imepigwa pini pamoja na karatasi ya elfu thelathini na saba.