Somo: Kutuma jedwali la ADR kwa studio ya nje na kulipokea likiwa salama

Somo hili ni la wahariri wa maneno, wale wanaokaa katikati ya mwongozaji na studio ya nje ambako mwigizaji ataenda kurudia sentensi zake. Kurudia huko ndiko kunaitwa ADR: maneno ya filamu yanarekodiwa upya studio baada ya picha kupigwa. Namna ya kurekodi tuiache kwanza. Leo ni jedwali tu: linaandaliwaje, linatumwaje, na likirudi limeshapita mikononi mwa watu wanne unalipokeaje.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote zinausimamia. Ndani ya jedwali la ADR karibu kila kitu kinaweza kubadilika. Taimukodi (saa, dakika, sekunde na fremu ya kila mahali kwenye picha) husogea picha ikikatwa upya, maneno hubadilika mwigizaji akishasimama mbele ya maiki, na hata mhusika hupewa jina jipya katikati ya kazi. Kisichoruhusiwa kubadilika ni namba ya kipande, yaani ya kila sentensi inayorudiwa. Hiyo ndiyo inayofunga maneno, picha na faili la sauti pamoja.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kuandika

Kwa mhariri wa picha pata mambo manne: toleo la picha, kasi ya fremu, taimukodi ya fremu ya kwanza, na kama video ina utangulizi wa kuhesabu mwanzoni. Kwa studio uliza wanatumia programu gani na wanataka orodha kwa umbo gani. Nuendo hupokea orodha ya alama kwa CSV (maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato). Fairlight iliyomo ndani ya DaVinci Resolve ina paneli yake ya ADR. Wengi wa Pro Tools hutengeneza majedwali yao kwa EdiCue. Na wapo wanaotaka PDF tu, mengine wataandika wenyewe. Jibu lolote ni sawa, mradi umelipata kabla.

Hatua ya 2: Panga safu

Mimi hutumia safu chache. Huu hapa mstari mmoja kamili:

Namba: S2-REH-014
Mhusika: Rehema
Kuanza: 02:07:41:12
Kuisha: 02:07:45:03
Maneno: Nilikuambia usimfungulie mlango.
Sababu: K (jenereta inanguruma)
Uzito: lazima
Teki: (studio ijaze)
Yaliyosemwa: (studio ijaze)

S2 ni sehemu ya pili ya filamu, REH ni mhusika, 014 ni zamu yake ndani ya sehemu hiyo. Teki ni kila jaribio la kurekodi kipande. Taimukodi ya sehemu ya pili inaanza saa 02, ya tatu saa 03, hivyo hata macho yaliyochoka yataona kipande kilichoingia sehemu isiyo yake.

Safu ya Sababu itazame mara mbili. Mwongozaji akikuambia "hapa ameigiza vibaya", usiyaandike maneno hayo popote. Jedwali hilo litafika studio, litachapishwa, litawekwa kwenye stendi mbele ya mwigizaji mwenyewe, na kuanzia hapo hutapata teki nzuri siku nzima. Tumia herufi: K kwa kelele, T kwa tafsiri mpya ya uigizaji, M kwa maneno yaliyobadilishwa, N kwa nyongeza ya mtu aliyegeuka mgongo. Maoni makali yabaki kwenye nakala yako.

Kipande kiwe kifupi. Hotuba ndefu igawe pale mhusika anapovuta pumzi, kila kipande na namba yake. Mwigizaji anayejaribu kulingana na midomo yake mwenyewe kwa nusu dakika bila kupumzika atakupa mwanzo mzuri na mwisho uliochakaa.

Hatua ya 3: Mwenye jedwali awe mmoja

Nakala mama inakaa kwako. Studio wanajaza safu mbili, Teki na Yaliyosemwa, basi. Wakiona taimukodi ina kasoro wanakuandikia, hawairekebishi wenyewe. Wengine huona huu ni ukali usio na maana hadi siku zinaporudi nakala tatu, kila moja ina marekebisho ambayo nyingine hazina.

Jina la faili libebe toleo la jedwali, toleo la picha na tarehe inayoanza na mwaka, mfano: ADR_J04_P07_2025-03-11. Neno "mwisho" lisionekane kwenye jina lolote, maana baada yake huja "mwisho_kabisa".

Hatua ya 4: Kutoa faili kwenye lahajedwali

Hapa ndipo vipande vingi vinapoharibika, na vinaharibika kimyakimya. Lahajedwali hupenda kukisia unachomaanisha. Namba ya kipande kama 3-12 linaigeuza tarehe. Ukiandika 014 peke yake linaifuta sifuri. Ukiandika 1E05 linadhani ni hesabu na kukurudishia laki moja. Sentensi inayoanza na kistari, mfano "-Umerudi lini?", linaichukulia kuwa fomula na kukuwekea ujumbe wa kosa badala ya maneno ya mhusika. Dawa yake ni kuziwekea safu zote umbo la maandishi matupu kabla ya kuandika chochote. Ukiziweka baadaye, kilichogeuka hakirudi.

Ukitoa CSV, kumbuka mazungumzo yamejaa mkato, na mkato ndio unaotenganisha safu. Programu nzuri huizungushia sentensi alama za kunukuu, lakini si zote, na kompyuta nyingine hutumia nukta-mkato badala ya mkato. Kwa sababu hiyo, studio isipodai CSV mimi hutuma maandishi yaliyotenganishwa kwa tabo. Kwenye usimbaji wa herufi chagua UTF-8. Kwetu sisi shida inayojitokeza haraka ni ng': ile alama ya juu ikiwa ya kupinda, kisha faili lifunguliwe kwa usimbaji tofauti, "ng'oa" inaota herufi tatu za ajabu katikati. Badilisha zote ziwe alama iliyonyooka kabla ya kutuma.

Tuma mafaili mawili kila mara: la maandishi kwa ajili ya programu na PDF kwa ajili ya watu. Kwenye PDF herufi ziwe kubwa, na kipande kimoja kisikatwe kati ya kurasa mbili, kwani karatasi ikigeuzwa maiki inasikia.

Hatua ya 5: Jaribu vipande vitatu

Kabla mwigizaji hajaitwa, omba studio wafungue kipande kimoja cha mwanzo, kimoja cha katikati na kimoja cha mwisho wa sehemu ileile, wakutumie picha ya skrini ya kila kimoja yenye taimukodi iliyochapwa juu ya video. Tofauti ikiwa ileile kote, mwanzo wa video ndio umekosewa. Tofauti ikizidi kukua kadiri unavyosonga mbele, kasi ya fremu haifanani. Kati ya 24 na 23.976 mtengano ni sekunde 3.6 kwa saa, hivyo kwenye dakika ya kwanza ni vigumu kuuona, na kwenye dakika ya ishirini sekunde nzima na zaidi imeshapotea.

Jedwali lenyewe pia linaongea. Chambua tarakimu mbili za mwisho za taimukodi zote. Kama kuna vipande mamia na hakuna hata kimoja kinachovuka 23, hiyo ni 24 au 23.976. Ukikuta 24 na hakuna kinachozidi hapo, ni 25. Zikifika 29 uko kwenye 30 au 29.97, na nukta-mkato kabla ya fremu kwa kawaida ni ishara kwamba hesabu inaruka namba za fremu ili iende sawa na saa ya ukutani. Kati ya 24 na 23.976 karatasi haitakusaidia, lazima uulize.

Hatua ya 6: Picha ikikatwa upya

Itakatwa, hata ukiambiwa imefungwa. Sogeza taimukodi, usiguse namba. Kipande kilichoondolewa kibaki kwenye jedwali kikiwa na alama "kimefutwa". Kipya kilichoingia kati ya 014 na 015 kiitwe 014A. Na utumapo J05, safu ya kwanza ionyeshe kilichobadilika tangu J04, maana hakuna mtu wa studio atakayelinganisha kurasa mbili kwa macho.

Hatua ya 7: Kupokea

Mafaili yarudi WAV, 48 kHz, biti 24, yakiwa na muhuri wa muda ndani yake, bila kusafishwa kelele wala kubanwa. Jina: S2-REH-014_T03, T03 ikiwa teki ya tatu. Kama walitumia maiki mbili, zije zote. Omba pia ukimya wa chumba, yaani sauti ya chumba hicho bila mtu kusema. Kisha linganisha hesabu: kila kipande cha "lazima" kina teki iliyochaguliwa na teki ya akiba? Fanya hivyo siku hiyohiyo, wakati mwigizaji bado anapatikana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa darasa. Kwa nini tusitumie lahajedwali la mtandaoni tu, wote tukaliona kwa pamoja?

Jibu: Karibu sana. Kwa kupanga ni zuri, nami hulitumia. Ila siku ya kurekodi ligandishe: pakua nakala, ipe namba ya toleo, hiyo ndiyo iingie studio. Funga pia safu ambazo si zao. Kuna mtu atapanga upya safu moja ili amwone mhusika wake tu, na nyinyi nyote mtaona vipande vimechanganyika.

Swali: Habari za kazi mwalimu. Nimeletewa kazi, maneno yote yanatangulia midomo kwa sekunde 8 kamili, mwanzo hadi mwisho. Nisogeze jedwali zima?

Jibu: Usiguse jedwali, dada. Sekunde 8 ni urefu wa utangulizi wa kuhesabu. Jedwali lako linaonekana lilitengenezwa fremu ya kwanza ya picha ikiwa 01:00:00:00, wakati video ya studio ina utangulizi na wameuanzisha hapohapo. Waambie warudishe video nyuma ili picha yenyewe ianzie 01:00:00:00. Ukisogeza jedwali utakuwa na taimukodi za aina mbili kwenye mradi mmoja.

Swali: Studio wamerudisha kazi na namba zao wenyewe, 1 mpaka 86. Nifanyeje, kaka?

Jibu: Kama mafaili yana muhuri wa muda, una bahati: yapange kwa muda, linganisha na safu ya Kuanza, kisha yape majina yako. Kama hayana, itabidi usikilize kimoja kimoja. Namba zao ziweke kwenye safu ya pembeni, usizitupe, maana wakikupigia simu watazitaja hizohizo.

Swali: Mwigizaji wangu yuko mbali, atajirekodi mwenyewe chumbani. Nimtumie jedwali hilohilo?

Jibu: Hapana, litamchanganya. Mtolee vipande vyake tu, na kwa kila kipande mtumie video fupi yenye bipu tatu zilizopishana sekunde moja, kisha aanze pale ambapo bipu ya nne ingelia. Faili liitwe kwa namba ya kipande, naye arudishe kwa jina hilohilo. Avae hedifoni, la sivyo bipu zitaingia kwenye maiki.

Swali: Sauti za umati zinapewa namba pia?

Jibu: Ndiyo. Weka GRP (yaani kundi) mahali pa mhusika, na kwenye Maneno eleza wanachozungumzia: "wanabishana foleni haisogei". Wakiachwa bila mada watarudia neno moja.

Swali: Mwigizaji amebadilisha sentensi studio na mwongozaji amekubali. Safu ya Maneno niirekebishe?

Jibu: Iache. Mpya iko kwenye Yaliyosemwa, na safu hiyo ndiyo umpe mtu wa manukuu, pamoja na namba za vipande vilivyobadilika, kwa sababu yeye bado anafanya kazi na muswada wa zamani.